Mchana Tuliofunikwa Turubai

Theluji ilianguka hapa kwetu Lewisham, London, mwezi uliopita, kidogo tu, ya kufunika paa za magari. Binti yangu akatoka mbio bila glavu. Nilimfokea kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akasimama mlangoni, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ni theluji tu. Nilirudi jikoni nikaketi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikaa ghorofa ya tatu, nyuma ya hospitali alikofanya kazi mama, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa jirani, mwanamke wa Kigoma. Siku za mapumziko milango yote miwili ilishinda wazi. Harufu ya dagaa wake ilikuja kwetu, na ya iliki yetu ilikwenda kwake. Binti yake alinizidi mwaka mmoja, naye ndiye aliyenishawishi tujiandikishe safari ya shule: siku nne kwenye milima ya Uskoti, kutembea kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, kutoka kibanda hadi kibanda, chakula na nguo mgongoni. Mama hakupenda. Alisema sisi watu wa Tanga na barafu wapi na wapi. Alipoona jirani amekubali, naye akalegea, akakaanga visheti mfuko mzima, na kituoni akaniambia neno moja tu: "Msiachane."

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Jua liliwaka, skii zikakwaruza theluji, tukaanguka tukacheka. Tulikuwa wanafunzi sita, mwalimu wa jiografia mbele na ramani yake, mwongozaji nyuma. Jioni kibandani, mimi na binti wa jirani tulipewa kazi ya kuyeyusha theluji kwa ajili ya chai. Sufuria iliyojaa pomoni ilitoa maji ya kikombe kimoja, tukawa tunatoka na kuingia na ndoo, huku soksi za watu wote zikining'inia juu ya jiko na kunuka vibaya sana.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, upepo ulikoma. Kilima kilichokuwa mbele yetu kikapotea. Kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine, na theluji ikatupiga ubavuni. Juu nyeupe, chini nyeupe, nikawa sijui kama nimesimama au naanguka. Mwalimu akatufunga sote kwenye kamba moja. Binti wa jirani, aliyekuwa mbele yangu, alivua glavu ili akaze kiatu kilichochomoka kwenye skii, upepo ukaichukua. Hakumwambia mtu. Niligundua pale alipoanza kuyumba kama mlevi, halafu akakaa chini na kusema anataka kulala kidogo.

Nikapuliza filimbi ya dharura niliyovishwa shingoni. Mwalimu alirudi akiifuata kamba, akamtazama usoni, nami nikaona uso wa mwalimu mwenyewe ukibadilika. Hapo ndipo hofu iliponiingia hasa. Mpaka dakika ile niliamini watu wazima hawaogopi.

Yeye na mwongozaji walichimba shimo kwenye theluji upesi, wakatuingiza sote chini ya turubai jekundu, tumebanana magoti kwa magoti. Mwalimu akautia mkono wa mwenzangu kwapani mwangu, chini ya sweta. Ulikuwa kama nyama iliyotoka kwenye friza. Akaniambia nimsemeshe, lolote lile, mradi asilale.

Nilimsemesha Kiingereza, hakujibu. Kwa woga kikatoka chenyewe Kiswahili, ambacho mama alinisemesha kila siku nami nikimjibu Kiingereza.

"Mama yako kapika nini Jumapili?"

Nikamtikisa bega.

"Nakuuliza wewe. Kapika nini?"

"Migebuka," akasema mwishowe, samaki wa kwao Kigoma.

"Na nini?"

"Ugali. Usinisumbue."

Nikamsumbua. Nilimuuliza chungu kwa chungu, nikamlisha visheti kwa vipande vidogo, na alipofumba macho nilimfinya. Kimoyomoyo nilisoma zile sura fupi nilizofundishwa, nikizikosea na kuzianza upya. Nimezaa, nimezika, lakini hofu kama ile sijaiona tena.

Kabla jua halijazama, ukungu ulifunguka ghafla. Kibanda kilikuwa pale chini, karibu kiasi cha kutia uchungu. Tulimkokota hadi ndani. Siku ya tatu hatukutoka. Nje lilikuja jua, ikaja mvua ya mawe, likarudi jua, nami sikulisogelea dirisha. Siku ya nne tuliteremka polepole, mimi nikilikagua kila wingu.

Alipona, ila ncha ya kidole chake cha mwisho ilibaki na ganzi. Tulikubaliana tusiseme nyumbani. Jirani akakiona kidole kimevimba siku ileile tuliyorudi, akaufuatilia ukweli mpaka akaupata. Hakutugombeza. Alinivuta, akanikumbatia kichwa kifuani pake.

Jirani alishafariki, akazikwa Kigoma, na mama naye hayupo tena. Mwalimu sijui aliko. Mwenzangu yuko Kanada. Husalimiana nami siku za sikukuu. Mwaka jana nilimuuliza kuhusu mchana ule. Alifikiri kidogo, akasema hakumbuki chochote, ila kuna mtu alikuwa akimsumbua. Tukacheka. Nilipokata simu nilielewa kwamba hofu yote ile nimebaki nayo peke yangu.