Mama Aliyeishi Kinole

Mwenzangu anawaambia wanafunzi wake kwamba mama yake amefariki. Mama huyo yuko hai, anauza mchele Turiani, na Ijumaa iliyopita alinitumia salamu. Aliyefariki ni mama yangu.

Nilijua jambo hili Mwembesongo, kwa fundi simu. Alikuwa amebadilisha spika ya simu yake mwenyewe, akafungulia sauti yoyote ili aijaribu. Ikatoka sauti ya mwenzangu, taratibu, inafundisha Kiingereza. Ilisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyosimama ubaoni wiki ya pili baada ya msiba wa mama yake, akaandika sentensi aliyozoea kuiandika miaka yote: "My mother has lived in Turiani all her life." Chaki ikagoma: "has lived" ni ya aliye hai. Akafuta "has" kwa kiganja, akabaki ameshika vumbi.

"Huyu dada ni noma," fundi akasema. "Mimi nilikuwa nachanganya kila siku. Tangu nimsikie, sikosei tena."

Nilichukua simu yangu nikatoka bila kuuliza kama imepona.

Tulikuwa tukifundisha pamoja, chumba cha nyuma ya duka la nafaka, watu wazima wanaojiandaa kwa usaili wa kazi. Makosa yao yalikuwa yale yale. Kwa Kiswahili mtu husema "nimemaliza shule mwaka juzi" na hakuna anayeshtuka. Akiibeba hivyo hivyo kwenye Kiingereza, anayemsaili anaandika kitu pembeni. Mimi niliwaambia: ukishataja wakati uliopita, mlango umefungwa, huwezi tena kutumia "have". Mwenzangu alichora mistari na mishale. Walitikisa vichwa, kisha wakakosea upya mlangoni wakiaga.

Mama akafariki. Mwenzangu ni Mzigua, mimi Mluguru, makabila ya watani, kwa hiyo alipanda Kinole kama mtani na kufanya kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu. Alijifunga kanga ya mama, akatembea ua mzima akiwafokea kuku kwa sauti ya mama, akalalamikia walanguzi wa ndizi, akakohoa kama yeye. Wajomba zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, na ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka katika siku zile. Jioni aliivua kanga, akaikunja, akanirudishia.

Yale ya ubaoni yalinipata baada ya hapo, mchana, kabla wanafunzi hawajafika. Sentensi ilikuwa ya Kinole na mwandishi wake nilikuwa mimi. Mwenzangu alikuwa ndani, anapanga viti. Nilimwambia nimefundisha tofauti ya "has lived" na "lived" miaka yote bila kuijua, na kwamba kisa hicho sitakitumia darasani kamwe.

"Na wewe usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" Akanifuta chaki mkononi kwa ncha ya mtandio wake.

Muda si mrefu akaacha chumba chetu, akaanzisha darasa lake la sauti kwenye simu.

Nilipotoka kwa fundi nilikwenda moja kwa moja kwake. Alinipokea kwa kelele kama kawaida.

"Mluguru kashuka mlimani! Umeniletea ndizi au umekuja kula zangu?"

"Umemzika mama yako."

Alicheka kidogo, akaacha. "Mtani haibi, mwenzangu. Mtani anachukua. Nilivaa kanga ya marehemu mbele ya wajomba zako, hukusema neno."

"Ile uliirudisha."

Akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangika.

"Ungesema basi ni mama wa rafiki yako."

"Nilijaribu," akasema. "Mama wa rafiki hamlizi mtu. Na wanaelewa sasa, hujui tu. Wanaelewa kuliko tulivyofundisha wote wawili."

Nilijua. Nilikuwa nimetoka kumsikia fundi.

"Yafute."

"Nifute wapi? Watu wameshatumiana."

Alikuwa amebadilisha Kinole ikawa Turiani, na mdalasini aliolima mama ukawa mpunga. Kiganja na vumbi aliviacha vilivyo. Niliondoka bila kunywa chai yake, na yeye hakunisindikiza.

Jana mama yake alinipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe, huyu mwenzio hasemeki. Leo mashineni watu wananitazama kama mwali. Kuna mmoja kanishika mkono kabisa, akaubonyeza, akasema, 'Kumbe upo!' Nikimuuliza binti yangu anacheka, ananiambia ni utani. Utani na nani? Mimi na yeye si watani, mimi nimemzaa."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kukoboa ikinguruma na mtu akimwita apokee gunia.

"Wewe huwa hunifichi," akasema. "Amesema nini juu yangu?"

Nilimwambia sauti inakatika, nitampigia. Sauti haikuwa inakatika. Asubuhi hii amepiga tena, na simu iko mezani, inaita.