Waliokuja Kumsindikiza Mdogo Wangu

Kwetu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mtu haendi peke yake penye aibu. Akienda kuomba radhi kwa wakwe, anasindikizwa. Akienda kwa daktari na ugonjwa usiotajwa, anasindikizwa, na msindikizaji ndiye anayeeleza dalili. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume alipoambiwa aache pombe, sikushangaa kwamba kazi ya kutafuta mahali pa kuiachia nilipewa mimi.

Aliyetoa amri ni binti yake. Alikuwa anaolewa Columbus, huku ughaibuni tulikohamia. Mama yake alishafariki, na baba ndiye wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Alinipigia simu, akaniambia kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akikasirika, kwamba baba akija ananuka pombe, mkono atashikwa na mwingine. Mwingine huyo alikuwa binamu yetu, shemasi, ambaye tayari alikuwa ameshanunua suti.

Tulianzia Buffalo, maana mdogo wangu alikuwa anakaa kwangu, mtaa wa Black Rock. Nilipata mkutano wa walevi wanaosaidiana kule Kenmore, mji wa jirani, katika chumba cha chini ya kanisa la Wazungu, wenye kahawa nyepesi kama maji yaliyosuuziwa vikombe. Kila mtu anataja jina la kwanza, anasema maneno machache, anakaa. Mdogo wangu alisimama, akawasalimu katika jina la Yesu, akataja jina lake, la baba, la babu na la mlima tuliotoka, kisha akaanza ushuhuda tangu utotoni, mimi nikitafsiri. Hatukuwa tumefika hata kwenye bia ya kwanza mwenyekiti alipoonyesha saa. Ndani ya gari alinuna.

"Dada, bale bantu habana wazazi? Jina moja tu, sawa vile imbwa."

Hakurudi tena. Nikampeleka Louisville, kwa mchungaji wa kwetu mwenye sifa ya kufukuza pepo wa ulevi. Alimfungisha, akamkemea pepo mpaka sauti ikamkauka, mchungaji, si pepo. Pepo akatoka. Mdogo wangu akafungua mfungo kwa bia, akidai tumbo tupu linataka kitu chepesi.

Ikabaki Columbus kwenyewe. Mrundi mmoja, dereva wa lori aliyeacha pombe zamani, alikuwa ameanzisha mkutano wa Kiswahili kila Alhamisi, chumba cha nyuma cha duka la vyakula vya Kiafrika barabara ya Morse. Niliomba ruhusa kazini, ninakotunza wazee, nikampeleka. Alifikia kwa shemasi, hapo jirani, mtaa wa Northland, na Alhamisi ya kwanza shemasi mwenyewe alituendesha. Chumba kilijaa wanaume wa kwetu, wa maghala na viwanda, viatu vya kazi bado miguuni. Mrundi alifurahi sana. Akamwomba wa kwanza ajieleze.

"Bon, miye nimemusindikiza tu huyu jirani."

Jirani akasema amemsindikiza shemeji yake. Shemeji amemsindikiza yule wa mlangoni. Wa mlangoni akaangaza macho, akasema amemleta shemasi, ambaye alikuja na sisi. Shemasi, kwa unyenyekevu wote wa kanisa, akasema amemsindikiza mgeni wake kutoka Buffalo. Mrundi alijifuta uso.

"Jamani, sasa mlevi humu ni nani?"

Mdogo wangu akasimama, nami nikajua anaanza tena na babu.

"Miye njo mulevi," alisema, yaani mlevi ndiye yeye. "Aba bote banakuya kunisindikiza."

Jinsi walivyopumua! Kuanzia hapo kila mmoja alimshauri, na walishauri kwa ujuzi wa kutia shaka. Mmoja alimwonya asifiche chupa ndani ya tangi la choo, kwa sababu ukivuta maji inagonga. Mwingine alisema kitunguu hakifichi harufu, kinaipa mwenzake. Shemasi alisema saa mbaya ni ile ya kutoka kazini, ukiwa peke yako garini, kisha akakohoa, akaongeza kwamba ameyasikia kwa watu. Nilirudi Buffalo, mdogo wangu akabaki, na habari nikazipata kwa simu: kila Alhamisi walirudi wote kumsindikiza mgonjwa wao. Nilicheka sana. Halafu nikaogopa, maana ilikuwa wazi kwamba anayeacha kweli ni mmoja tu, na amezungukwa.

Siku ya harusi bibi harusi alichelewa, kama ada. Kanisani kwetu pombe ni marufuku, kwa hiyo wanaume walianza kutoka mmoja mmoja kwenda kuangalia magari. Sijaona magari yanayohitaji kuangaliwa kama ya walokole. Lakini mdogo wangu naye alipotoka, nilimfuata.

Buti la gari la shemasi lilikuwa wazi, chupa zimepangwa ndani. Watu wa Alhamisi walikuwa wamelizunguka, vikombe vya karatasi mkononi, na mdogo wangu katikati yao. Wakati huo huo gari la bibi harusi likaingia. Binti alishuka, akamwona baba, akaliona buti, akaja moja kwa moja, gauni likiburuta kwenye lami. Shemasi alificha kikombe nyuma ya suti mpya.

Binti alisogeza uso, akamnusa baba yake mdomoni, vile mama zetu walivyonusa maziwa kabla ya kumpa mgeni. Mbele ya watu wote. Niliona uchungu na aibu, nikataka kumkemea. Mdogo wangu hakusogea.

"Unafanya nini huku?" binti aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Aba bantu banakuyaka nami kila Alhamisi. Leo miye njo nimebasindikiza."

Binti alimshika mkono, wakaingia kanisani, nami nikalia bila kuona haya.

Alhamisi iliyofuata mimi na mdogo wangu tulikuwa tumesharudi Buffalo, na nilidhani mkutano umekufa kwa kukosa mlevi. Jioni Mrundi alinipigia simu. Aliniambia shemasi alikuja, akakaa mbele, na alipoulizwa amemsindikiza nani, alisema amekuja peke yake.