Ng'ombe Hapimwi Nunduni

Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji yake alikwisha kuligawa zizi. Yeye alijichukulia ng'ombe thelathini na wanne. Mjane akaachiwa majike matatu, mafupi kuliko yote, na maneno juu yake: "Mwanamke na ng'ombe wapi na wapi?" Majirani nao wakamwita Mama Mbuzi, maana ng'ombe wake kwa mbali ungewadhani mbuzi.

Kila jike alipohitaji dume, mjane alimfunga kamba akatembea naye nusu siku mpaka kwenye ranchi ya ng'ombe wa nyama. Huko kulikuwa na dume jekundu la kigeni, refu, na mgongo mpana kama kitanda cha watu wawili. Kila alipopandisha jike mmoja, alilipa kwa kupalilia mashamba ya ranchi wiki nzima.

Miaka ikapita, chotara wanne wakakua mbele ya macho yake. Wakawapita mama zao. Meno yao yote yalipoota na kimo kikakoma, mama zao walionekana kama ndama kando yao. Hapo ndipo shemeji alipowaona. Akaja na bwana mifugo, na majirani wakafuata kutazama.

"Hawa ni wangu," alisema. "Vifupi havizai virefu. Huyu kanibadilishia ndama zizini."

"Nimekubadilishia lini, shemeji?"

"Mwizi huacha tarehe?"

Bwana mifugo akajikuna kichwa. Msimamizi wa ranchi wa wakati ule alikwisha kuhama, na kupandisha hakuna risiti. "Mama, usipoonyesha walikotoka, itabidi waende kwake."

Miaka yote ile ya jasho, iende hivihivi? Mjane akamgeukia bwana mifugo. "Muulize kama anao warefu hivi."

"Wamejaa!" shemeji akadakia. "Nimewapima mwenyewe. Mmoja ana sentimita mia moja thelathini na mbili."

"Umempimia wapi?" mjane akauliza.

"Juu kabisa. Kwani ng'ombe hupimwa kwatoni?"

"Juu kabisa ni nundu, shemeji. Ukimpima mtu mwenye kilemba, kilemba nacho utasema ni kimo chake?"

Kule ranchi, akiwa ameinama anang'oa magugu, mjane alikuwa akiwatazama wapimaji wa ng'ombe. Fimbo yao haikugusa nundu hata siku moja.

"Mama anasema kweli," bwana mifugo alisema. "Hupimwa nyongani."

Wakaenda wote kwa shemeji. Yule wa mia moja thelathini na mbili akasimamishwa, ufito wa kupimia ukawekwa nyongani: mia moja kumi na saba. Wakapimwa wengine, mmoja mmoja, jua likipanda. Hakuna aliyefika mia moja ishirini. Wakarudi kwa mjane. Mama wale wafupi walikuwa na mia moja kumi na mbili, chotara wa kwanza mia moja ishirini na sita, na wa mwisho mia moja thelathini kamili.

"Haya, shemeji," alisema mjane. "Kama vifupi havizai virefu, hawa kwako walizaliwa na nani? Na nundu?"

Majirani wakaangua kicheko. Shemeji akajirudisha nyuma ya watu.

"Urefu huu ni wa baba yao," bwana mifugo alisema. "Tena damu mbili ngeni zikikutana, mtoto huweza kukua kuliko ulivyotazamia." Akaandika kwenye karatasi kwamba ng'ombe wanne, majike, chotara, ni mali ya mjane, akamkabidhi.

Mjane hakujua kusoma hata herufi moja. Akamrudishia.

"Nisomee, bwana mifugo."

Akamsomea.

"Tena. Kwa sauti. Yule kule nyuma hajasikia."

Akasoma tena, na shemeji akasimama pale pale mpaka neno la mwisho.