Mwamia ndege wa Magarini na fundo moja lililosalia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado mbichi, Mwaringa Masha yuko juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuka katikati ya mpunga, kando ya Mto Sabaki huko Magarini. Teo, kombeo lake, li mkononi, dongoa la udongo limo ndani ya teo. Lakini macho yake hayako kwenye mpunga. Yako kwenye matete ya ukingoni.

"Mzee Mwaringa!" anaita Sidi Kombe, mwenye shamba. "Nakulipa uwafukuze ndege au uwapose?"

"Kuposa nishaposa mara moja, yatosha," anajibu, na dongoa linavuma. Wingu la kweleakwelea linanyanyuka, linajikunja angani kama shuka inayokung'utwa, linakwenda zake.

Kazi hii huitwa kuamia, yaani kulinda nafaka isiliwe na ndege. Mwaringa, mwenye miaka sitini na mmoja, aliachia shule darasa la pili na anaamia tangu hapo. Hupata shilingi mia nne kwa siku, miezi miwili kila msimu. Miezi mingine husuka makuti.

Kiunoni amefunga ugwe wa katani wenye mafundo. Aliyeuanza ni mkewe, Kadii. Kila aina ya ndege aliyeonekana msimu huo, fundo moja. Mvua za vuli zikianguka, yangeyange hufuata jembe. Kisha huja mbayuwayu, wageni wa kutoka nchi za baridi, kisha kwarara na korongo. Vuli hii yamefika mafundo arubaini na mawili.

"Mimi nilidhani ndege ni wa namna mbili tu," Mwaringa anasema. "Anayekula mpunga, na anayeliwa kwa wali. Kadii akanambia, 'We mume wangu, wakaa dunguni kama kipofu aliyepewa dirisha.'"

Fundo la mwisho hufungwa kwa utambi wa leso nyekundu ya Kadii. Hilo ni la keremkerem wekundu, wanaoshuka kutoka kaskazini kila Novemba na kulala kwenye matete haya. Punje hawaigusi, chakula chao ni panzi na nyuki. Mwaka huu Novemba inakwisha, na utambi ungali mfukoni.

Sababu anaijua, wala hamung'unyi maneno, ila huianzia kwa mkewe.

Kadii alifariki miaka minne iliyopita, kando ya barabara, akingojea gari la wagonjwa. Dereva alikuwapo. Mafuta ndiyo hayakuwapo.

Kisha, mwaka jana, Wanjira, afisa wa kilimo aliyehamia kutoka bara, akampigia simu. "Mzee, ndege zinakuja Alhamisi."

Mwaringa akacheka. Pwani, ndege wa manyoya wanakuja. Zinazokuja ni zile za injini. Lakini Wanjira alizoea kuwachanganya. "Ndege zimekula mpunga," husema. "Ndege zimelala." Basi Mwaringa akadhani ni keremkerem. Alhamisi akavaa shati safi, akapanda dunguni kuwapokea.

Jioni ile, kabla ya jua kuchwa, zikaja. Mbili, za injini. Zikapita chini sana juu ya matete, wanakolala pia kweleakwelea, zikimwaga sumu ya kuwaua. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Wanjira alikuwa amesema sawasawa.

Asubuhi Mwaringa akaokota keremkerem kwa karai.

"Wekundu vilevile," anasema. "Kifo hakikuwatoa rangi. Na kweleakwelea wenyewe, wiki mbili, wakarudi! Mafuta ya kumwagia sumu yapo. Ya kumbeba mke wangu hayakuwapo. Hawa wakubwa, mwenye macho hawamuulizi."

Jumatatu kuna baraza la kuamua kama matete yatanyunyiziwa tena. Wanjira, ambaye tangu siku ile hajalala vizuri, ameahidi kusimama na mzee. Lakini wakubwa wamemwambia hawatayaacha matete kwa ajili ya wageni wasiokuwapo. Sidi naye hafichi: anaitaka sumu, mpunga wake unaliwa.

Leo ni Ijumaa.

Saa moja na nusu, Mwaringa anainua kidole. "Nyamaza."

Kwanza ni sauti, mkwaruzo mwembamba kutoka juu. Kisha matete yanashika moto. Mmoja, kumi, mia, wekundu kama komamanga lililopasuliwa, vichwa vya kijani cha bahari. Wanajitupa juu ya mpunga, wanapinda, wanadaka, na kila mdomo unarudi na panzi. Hewa yote ni mabawa.

Teo linaanguka. Mwaringa haliokoti.

"Wale si panzi wa mpunga wangu?" Sidi ananong'ona, mkono kifuani.

"Ndio hao."

"Sasa na hawa niwalipe?"

"Waachie kitanda chao tu, yale matete." Anatoa utambi. Fundo linakataa. Sidi anapanda ngazi ya dungu, anamshikia ncha ya ugwe, na Mwaringa anakaza.

Simu inalia. Ni Wanjira.

"Shikamoo, mzee. Ndege zi..." Anasita. Anaanza upya, taratibu. "Ndege wamekuja?"

Mwaringa anatazama matete yanayowaka.

"Marahaba, mwanangu. Wamekuja. Jumatatu nakuja nao kiunoni."