Chupa Iliyokaa Karibu na Mafuta ya Kupikia

Ninaishi Kwa Mathias, Kibaha, na kazi yangu ni kutafsiri. Mwaka jana kampuni moja iliniletea lebo ya dawa ya wadudu wa mikorosho. Kazi ilikuwa fupi, ila neno moja la Kiingereza lilinikalisha asubuhi nzima: life-threatening. Ni sifa iliyoungwa kwa maneno mawili, uhai na kutishia. Kamusi yangu nene ilieleza kwamba zamani sana hilo la pili lilihusu umati wa watu, kisha mbinyo wa umati huo, na baadaye ndipo likawa tishio. Nikafurahia kujua. Nikaandika, "Inahatarisha maisha," nikaridhika.

Jumamosi nilikwenda Kisarawe kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ana mikorosho yake na huipulizia dawa mwenyewe. Baada ya shikamoo na chai, nikamwomba anisikilize nikisoma tafsiri ya lebo.

Aliendelea kuchambua mchicha mpaka nilipofika kwenye sentensi ile.

"Hiyo naielewa," alisema. "Maisha magumu."

"Hapana, mama. Ni hatari."

"Mvua isiponyesha inahatarisha maisha. Sasa hiyo dawa inafanya nini hasa? Mtu anakufa au hafi?"

"Akiinywa anaweza kufa. Hata kidogo tu."

Akauweka mchicha chini. Aliingia jikoni, akatoka na chupa ya maji ya dukani iliyojaa kitu cheupe kama tui jepesi.

"Kopo la dawa lilitoboka," alisema taratibu. "Nikaimimina humu."

Chupa ilikuwa imekaa karibu na mafuta ya kupikia. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama palepale nikitafuta sukari. Hatukulaumiana. Tulitafuta dumu lenye mfuniko imara, tukaihamishia dawa humo, nikaandika SUMU kwa kalamu nene, tukalifungia stoo pamoja na majembe. Chupa tukaitoboa, tukaifukia. Mama mkubwa alinawa kwa sabuni mara mbili.

Jumatatu niliandika upya: "Dawa hii inaua. Ukiimeza unaweza kufa."

Bwana wa kampuni akanipigia. "Kali mno hiyo, dada. Itawatisha wateja."

Nikamsimulia habari ya chupa. Akaniomba nimwachie sentensi zote mbili.

Lebo ilitoka nazo zote, yangu mpya ikiwa chini, kwa herufi ndogo kuliko nilivyoomba. Lakini inasomeka.