Mama Fyuzi na waya uliobadilika rangi

Saa tano asubuhi, Mama Fyuzi anavua miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya nne na kujifuta machozi kwa mkono wa koti. Halii. "Ni macho tu yanajiendea," anasema, huku akimzuia mwanafunzi aliye mbele yake asije akagonga meza.

Chumba hiki cha chuo cha ufundi umeme hakina waya hata mmoja wa kushikika. Mwanafunzi akivaa miwani anaona ukuta, soketi na nyaya, anaunganisha. Mwalimu naye anavaa yake, anamfuata humo humo na kutoa alama. Mwanafunzi akikosea hapigwi na umeme. Anayeumia ni mwalimu.

"Miaka kumi na tano nimepanda ngazi, macho hayakuwahi kunisumbua," anasema mama huyu wa miaka arobaini na miwili. "Leo nimewekwa kwenye kiti, ndiyo nachoka. Ukilalamika wanakucheka."

Kwa siku anakagua wanafunzi ishirini, saa sita nzima ndani ya miwani. Jioni hawezi kusoma hata ujumbe wa simu. Mumewe ndiye humsomea. "Siku hizi siri zako zote ninazo," humtania. Yeye hucheka kidogo, kisha hujilaza.

Miezi miwili iliyopita aliwasha kichujio cha mwanga wa buluu kilichomo kwenye miwani yenyewe. Kila kitu kikawa cha manjano, macho yakapoa, akamshukuru Mungu. Hakumwambia mtu.

Kesho yake akamfelisha binti aliyekuwa anarudia mtihani kwa mara ya tatu, na ya mwisho. Alimwona ameweka waya wa kijani mahali pa waya wa buluu, akamwambia hivyo.

"Mwalimu, mbona huo ni wa buluu?" binti akauliza.

"Usinifundishe kazi, mwanangu," akamjibu.

Siku mbili baadaye alipitia rekodi ya mtihani huo kwenye skrini ya ukutani. Waya ulikuwa wa buluu, tena buluu ya kukolea. Kichujio ndicho kilichombadilishia rangi. Binti alikwisha kurudisha vitabu na kwenda zake.

Anasema: "Mtoto wa watu nimemwonea, na aliniambia!"

Alikwenda kwa mkuu wa chuo, akasema yote. Binti akaitwa, akapewa cheti chake. Mama Fyuzi akapewa barua ya onyo.

Daktari wa macho naye akamkata maini: mwanga wa buluu hata si mkosaji mkuu. "Mama, wewe hupepesi macho," alimwambia. "Yanakauka, na yamechoka kukazwa. Vua, tazama mbali, pepesa."

Basi kichujio amekizima. Ameandika ombi la dakika kumi za kupumzika kila saa, kwa walimu na wanafunzi. Wiki ya tatu hii, mkuu bado analitafakari.

Anasogea dirishani na kutazama paa la jengo la ng'ambo, akipepesa polepole kama alivyoelekezwa. Huko juu kuna mtu anafunga taa.

"Ni yule binti, amepata kazi pale," anasema. "Aliniambia kwamba jana alinipungia mkono. Mimi niliona ukungu tu. Wakinipa hizo dakika kumi, nataka siku moja nimwone, na mimi nimpungie."