Mhitaji wa Klabu Saba

Bibi Apolinaria hakuwa mhitaji wa kitu. Alikuwa na nyumba ya bati, ekari mbili, kuku kumi na wanne, na magego yote mazima isipokuwa moja. Hilo moja ndilo lililomponza. Siku lilipomuuma alijikalia kizingitini, shavu mkononi, machozi yanamtoka, ndipo Klabu ya Afya ya sekondari ya bweni iliyo ng'ambo ya barabara ikapita ikitafuta mtu wa kumsaidia. Wakaandika: bibi, mjane, anateseka. Jino liling'olewa Jumatatu, jina likabaki kwenye orodha.

Maana kila klabu, ikitaka cheti cha mwisho wa mwaka, sharti ionyeshe imechangisha na kumtembelea mhitaji. Kumtafuta mhitaji ni kazi. Kunakili jina ni dakika moja. Wakaja Skauti. Wakaja Mazingira. Wakaja wa Mdahalo, wakabishana sebuleni kwake kama yeye ni maskini au la, na upande wa ndiyo ukashinda. Wakaja Wapinga Rushwa, wakaja Lishe, na wengine. Kila Jumamosi na Jumapili vijana thelathini, wametoka kutembeza ndoo ya michango sokoni, wanamletea sabuni. Sabuni, jamani! Chumba kilijaa sabuni hadi bibi akahamia sebuleni kulala.

Na mgeni ni mgeni. Utamwachaje mtoto wa mwenzio aondoke na njaa? Bibi anachinja, anasonga, anaunga mlenda kwa karanga, anaongeza na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Wale vijana walikuwa wanakula, we acha tu! Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mwenyeji alikuwa anamalizwa. Ilipofika Novemba kuku walibaki wawili, na debe la mwisho la mahindi lilikuwa la mbegu.

Mvua ikanyesha. Hapo bibi akaanza kuogopa kwelikweli. Jumatatu hadi Ijumaa anatafuta kuni, anachota maji, anakwenda mashineni, yote kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Shamba lisipopandwa ndani ya wiki mbili hizi, mwakani atakuwa mhitaji wa kweli.

Akamwendea Mwalimu Leodgar, mlezi wa klabu zote saba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, nifute kwenye hiyo orodha."

"Nikufuteje, bibi, na ripoti imeshakwenda? Niletee barua ya mtendaji wa kijiji kwamba uhitaji umekwisha."

Mtendaji akaguna. "Mtu anatembelewa na klabu saba, mimi nani hata niseme hana shida?"

Khaa! Bibi alirudi nyumbani amefura. Jumamosi asubuhi na mapema akamchukua jirani yake Mektilda na kina mama tisa wa jumuiya, akawapa kila mmoja sabuni mbili, wakatinga shuleni kabla vijana hawajatoka.

"Na sisi ni klabu," akamwambia Mwalimu Leodgar getini. "Tumekuja kuwatembelea."

Wakaimba. Wakagawa sabuni. Wakapiga picha, mwalimu katikati. Kisha wakakaa chini, macho jikoni.

Mwalimu jasho likamtoka, lakini angefanyaje? Wakaletewa kile wanachokula wanafunzi: ugali haujaiva vizuri, maharage yanaelea kwenye maji meusi, na wadudu juu yake. Bibi akala tonge la kwanza. La pili halikushuka. Pembeni yake Julieth, katibu wa Klabu ya Lishe, yule aliyekuwa akiomba ukoko kila klabu yake ilipokuja, alikuwa anayala maharage yale huku amefumba macho.

"Kila siku ndiyo haya?" bibi akamuuliza.

"Isipokuwa siku ya kuja kwako, bibi."

Bibi akaona aibu. Miezi mitatu yote alikuwa akiwaita walafi, moyoni na kwa Mektilda pia.

Mwalimu Leodgar akaja mbio na barua ya kumfuta, ameshaisaini, wino wa mhuri haujakauka. Bibi akaipokea, akafunikia nayo bakuli la maharage.

"Waje," akasema. "Wote. Ila leo waje na majembe. Zile siku zao mbili za ugeni zilishapita zamani."